Mashine Zajikokota: Nilipe Programu ya Rejistri?

Mjomba, nina saiba ndogo hapa Bakarani, Kisauni, Mombasa. Kompyuta ni tano, zote za mezani, mitumba ya Uingereza, na nilizinunua miaka mitatu iliyopita. Zina Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Mwanzoni zilikwenda vizuri. Siku hizi nikiwasha asubuhi naweza kwenda kununua mahamri na mbaazi, nikarudi, nikala, na kile kiduara bado chazunguka. Wateja wa kujaza fomu za kodi za KRA wameshaanza kuja, na wewe wajua siku ya mwisho, tarehe 30 Juni, ikikaribia foleni hufika barabarani. Wiki jana kijana mmoja wa hapa mtaani aliniambia rejistri zimevurugika, zataka kudifragiwa. Akapakua programu ya bure, ikakagua mashine moja, ikasema ina matatizo 1,284. Lakini ili iyatengeneze ni lazima nilipe kwa kadi. Fundi mwingine wa Mwembe Tayari asema hizo programu ni upuzi mtupu, dawa ni kufomati zote tano. Niambie, nichague programu gani? Nilipe? Na huyu kijana adai shilingi 1,500 za kazi yake, nimpe?

Mwenye saiba, Bakarani

Mwanangu, kadi yako irudishe mkobani. Ile programu iondoe leo, na ikiwa ulikwisha kuandika namba ya kadi popote, wapigie benki kabla ya kufungua saiba kesho. Mengine tutayazungumza polepole, kwa sababu kijana wako hakubuni kitu. Rejistri ipo, kuvurugika kwake kupo, na programu za kuipanga zipo tangu zamani. Kosa lake ni kwamba amekuletea dawa ya ugonjwa ambao mashine zako hazina.

Duka la jirani yako, lile unalokopa sukari, lina daftari la madeni. Anayekopa huandikwa, akilipa hupigwa mstari. Mwaka ukipita daftari limenona, na nusu ya kurasa zake ni mistari mitupu. Rejistri ndilo daftari hilo kwa Windows. Programu ikiingia hujiandikisha: mimi nakaa folda hii, faili za aina hii nizifungue mimi, mashine ikiamka niamke nayo. Printa yako imeandikwa humo, na skana, na hata picha uliyoweka nyuma ya skrini. Lilianza kama kijitabu tu katika Windows 3.1 mwaka wa 1992. Windows NT mwaka uliofuata, kisha Windows 95, ndizo zilizolifanya uti wa mgongo wa mfumo. Wala si faili moja. Ziko kadhaa, zakaa katika folda ya config ndani ya System32, kwa majina kama SYSTEM, SOFTWARE, SAM na SECURITY, na kila mtumiaji wa mashine ana ya kwake iitwayo NTUSER.DAT. Waliozitunga waliziita mizinga, kama ya nyuki, na jina lafaa: ukiitia mkono ovyo utajuta.

Sasa, programu ikiondolewa, maandishi yake hupigwa mstari lakini nafasi hubaki wazi ndani ya mzinga. Kudifragi rejistri, kwa maana yake halisi, ni kuchukua daftari jipya na kunakili yale tu ambayo hayajapigwa mstari. Hakuna jina linaloongezwa wala kufutwa. Daftari linapungua unene, basi. Kusafisha rejistri ni jambo jingine kabisa. Huko ni kumpa mgeni kalamu aingie kwenye daftari na kupiga mstari majina anayodhani yamekufa. Mgeni haoni dalili ya Mama Fulani kwa miezi sita, anampiga mstari, kumbe Mama Fulani yuko Lamu kwa bintiye aliyejifungua na atarudi na deni lake. Kwenye kompyuta Mama Fulani ni ile skana unayoichomeka mara moja kwa mwezi. Ukiichomeka, mashine haiitambui tena, na hakuna anayekumbuka ni lini programu ya kusafisha ilipita.

Kazi hizi mbili siku hizi huuzwa katika chupa moja, na hapo ndipo watu wanapoumia. Neno difragi lasikika salama, kwa hiyo huandikwa juu ya kifurushi. Ndani yake mna kalamu ya mgeni.

Nisikuonee kwa kukuambia kwamba kudifragi rejistri hakujawahi kuwa na maana. Kulikuwa na maana, na kubwa. Katika Windows NT na Windows 2000 rejistri ilipakiwa kwenye sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa na mpaka wake. Mzinga ukivimba kupita kiasi, mashine ilisumbua, pengine ikakataa kuwaka kabisa. Ndipo akatokea Mjerumani Lars Hederer na programu yake ndogo ya bure, NTREGOPT, iliyofanya kazi moja tu: kunakili mizinga upya bila mapengo. Wale mabwana wawili wa Sysinternals, Mark Russinovich na Bryce Cogswell, nao walikuwa na PageDefrag. Hiyo haikugusa maandishi ya ndani. Iliikusanya mizinga yenyewe pale ilipokuwa imetawanyika vipande vipande juu ya diski, na ilifanya hivyo mashine inapowaka, kabla Windows haijaishika. Zote mbili zilikuwa kazi za mafundi wa kweli, na hakuna iliyokutisha kwa idadi ya matatizo.

Nilizitumia sana. Enzi za Windows XP nilikuwa nikitunza saiba moja upande wa Likoni, mashine zenye RAM ya MB 128, na kila mwisho wa mwezi nilizipitisha zote. Lakini ujana una mambo. Siku moja nikaonja programu nyingine, ya kusafisha, niliyoipata kwenye CD ya bure. Sikuweka nakala ya akiba. Katikati ya kazi stima ikapotea. Iliporudi, skrini ilikuwa nyeusi na maandishi meupe: faili ya SYSTEM ndani ya config haipo au imeharibika. Nilivuka feri siku hiyo nimelikumbatia kasha la mashine kama mtoto mgonjwa, nampelekea mtu wa mjini aliyenizidi ujuzi, na abiria wenzangu wananiuliza imekufa au yapumua. Tangu hapo sigusi mzinga wa mtu bila nakala.

Kilichobadilika hata kudifragi kukakosa maana ni hiki. Tangu XP, rejistri ilitolewa katika ile sehemu ya kumbukumbu yenye mpaka, na husomwa kidogo kidogo kadiri inavyohitajika. Mapengo yaliyomo ndani hayabebwi yote kichwani. Na Windows za siku hizi hujipangia mizinga zenyewe. Ukitaka ushahidi, fungua Event Viewer, nenda kwenye kumbukumbu za mfumo, utafute tukio namba 15 la Kernel-General. Huenda ukakuta limeandikwa kwamba mzinga fulani umepangwa upya, ulikuwa na baiti hizi, sasa una baiti hizi. Hakuna aliyekutoza kadi. Usishtuke pia ukiona jina Registry kwenye orodha ya Task Manager. Tangu toleo la 1803 la Windows 10 huonekana pale, na si virusi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mizinga yote ya mashine yako ina MB 150, na programu ya kudifragi imefaulu kuipunguza kwa MB 10, ambayo ni bahati kubwa. Diski ya kuzunguka ikisoma mfululizo husoma takribani MB 100 kwa sekunde. Umeokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wewe waniambia mashine yachukua muda wa mahamri na mbaazi. Ni kama kuwapanga abiria wa Likoni kwa mistari iliyonyooka ndani ya feri: kutapendeza, lakini mwendo ni wa injini.

Umeniuliza uchague programu gani, na swali la mtu hujibiwa. Ikiwa siku moja utakuwa na mashine kongwe ya XP au Windows 7, labda inayoendesha mzani au programu ya zamani ya stoo kama nilivyoona kwenye maghala fulani ya Changamwe, tafuta programu inayofanya kazi moja tu. Ikuonyeshe ukubwa wa kila mzinga kabla na baada, kwa KB au MB. Ikianza kukuhesabia “makosa”, toka. Itaje wazi matoleo ya Windows inayoyaelewa; PageDefrag, kwa mfano, iliishia XP na Server 2003, kwa hiyo anayekuwekea kwenye Windows 10 anakupotezea asubuhi. NTREGOPT bado ndiyo ninayoiamini kwa mashine za umri huo. Auslogics nao walitoa yao, iliyokagua kwanza na kukuambia utaokoa kiasi gani, na hilo ni adabu nzuri, ingawa lazima usome kila ukurasa wakati wa kuisakinisha usije ukabeba na mizigo mingine. Faili ichukue kwa mtunzi mwenyewe. Usitumie CD ya bure, wala flashi ya rafiki, wala lile tangazo la kijani lililoandikwa “pakua” ambalo kumbe lapakua kitu kingine.

Na hata jina kubwa si kinga. Mwaka wa 2017 CCleaner, ambayo nusu ya mafundi wa Mombasa huwa nayo kwenye flashi, iliingiliwa na wahalifu kule kule inakotengenezwa. Toleo la 5.33 lilitoka likiwa na sumu ndani, likiwa na sahihi halali ya kampuni, na likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27 kabla halijagunduliwa Septemba. Microsoft wenyewe waliwahi kuwa na kisafishaji chao cha rejistri, RegClean, miaka ya tisini. Wakakiondoa, na leo msimamo wao ni kwamba hawaungi mkono programu hizo, na kwamba madhara yake huweza kukulazimu kusakinisha Windows upya.

Zile 1,284 sasa. Mwanangu, idadi hiyo ni mtego, na tena mtego wenye historia mahakamani. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza mwaka wa 2019 kwamba duka la Office Depot lingelipa dola milioni 25, na kampuni ya Support.com dola milioni 10, kwa sababu ya programu ya kukagua kompyuta za wateja. Mteja aliulizwa maswali manne mwanzoni, kwa mfano kama mashine yake imekuwa nzito. Akitia alama hata kwenye moja, matokeo ya kwamba mashine ina dalili za virusi yalikwisha kuamuliwa, ukaguzi uone usione. Mwaka wa 2024 zikafuata kampuni za Restoro na Reimage, zilizouza utengenezaji wa kompyuta kwa kuwatisha watu kwa madirisha ya uongo. Hizo zilikubali kulipa dola milioni 26. Siijui programu aliyoleta kijana wako na siituhumu kwa jina. Lakini anayekagua bure akaficha matibabu nyuma ya kadi, na ugonjwa wenyewe akautaja kwa idadi tu, hana tofauti na yule mganga anayeona majini saba kabla hujakaa mkekani.

Ukiwa na mashine kongwe kama niliyoitaja, na umeamua kudifragi, nitakuambia ninavyofanya. Kwanza naangalia afya ya diski, maana kuandika mizinga upya juu ya diski inayokufa ni kuizika. Kisha nanakili mashine nzima kwenye diski ya nje. Wengi hufungua regedit, wakatoa nakala kwa amri ya kuhamisha, wakadhani wamejikinga. Nakala ile huweza kurudisha ulichofuta lakini haiondoi ulichoongeza, na mashine ikikataa kuwaka huna pa kuifungulia. Zamani Windows ilijiwekea mizinga ya akiba katika folda ya RegBack. Tangu lile toleo la 1803 la Windows 10 haifanyi hivyo tena, na kwenye mashine kama zako folda utaikuta ina faili tupu zinazokucheka. Huduma ya kurudisha mfumo nyuma nayo huweza kuwa imezimwa, kwa hiyo iwashe na uweke kituo chako mwenyewe. Baada ya hapo ni UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikikatika. Sifanyi kazi hii bila UPS, na wewe wajua stima ya Kisauni inavyokuwa mvua ya Mei ikianza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Programu ya kudifragi haibadilishi mzinga unaotumika; huandaa mpya pembeni, na mpya huchukua nafasi mashine ikiwashwa upya. Chochote kilichoandikwa kwenye mzinga wa zamani baina ya nyakati hizo mbili hupotea. Kwa hiyo funga kila kitu kabla, na ikimaliza washa upya papo hapo. Usimruhusu mteja achapishe “ukurasa mmoja tu”. Na kama mashine ina Deep Freeze, ile ya Faronics ambayo saiba nyingi huiweka ili kila ikiwashwa irudi ilivyokuwa, basi kazi yako yote itafutika mashine ikiamka, na utabaki kukuna kichwa.

Tumemaliza la rejistri. Tuje kwenye mashine zako.

Kesho asubuhi washa moja, ile nzito kuliko zote, na kiduara kikiisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona safu za CPU, kumbukumbu na diski. Usifungue kitu kingine chochote. Nabashiri, na sijaiona, kwamba CPU itakuwa imepumzika, kumbukumbu iko juu ya asilimia 70, na diski iko 100 na imeganda pale. Ikiwa ndivyo, ugonjwa tumeupata. Diski yako ni sahani inayozunguka na sindano inayotembea juu yake, kama santuri. Kila sindano inapotakiwa ihame, hupotea kama sehemu moja ya mia ya sekunde hivi. Kwa hiyo kazi za kurukaruka, na kuwaka kwa Windows ni kurukaruka kutupu, hutimizwa karibu mia moja tu kwa sekunde. Juu ya hilo kuna RAM yako ya GB 4: mteja akifungua Chrome na iTax na barua pepe na video ya YouTube pembeni, kumbukumbu hujaa, na Windows huanza kutumia diski kama kumbukumbu ya dharura. Sindano ile ile moja yatumwa huku na huku kama mtoto wa pekee katika nyumba ya wageni wengi.

SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, haina sindano. Hutimiza kazi za kurukaruka kwa maelfu mengi kwa sekunde, hata ile ya bei ya chini. Nimeziweka kwenye mashine za umri wa zako Mtongwe, Magongo na Mlaleo, na sijawahi kumwona mwenye mashine akauliza tena habari ya rejistri. SSD haihitaji kudifragiwa kwa mikono, wala mizinga yake. Windows huitunza yenyewe kwa ratiba yake ya kila wiki. Kwa hiyo pesa uliyokuwa ulipe ile programu, na ya mashine nyingine nne ambazo bila shaka nazo zingekutwa na “matatizo”, iweke kwenye SSD ya kwanza.

Anza na mashine moja. Hapa fundi wa Mwembe Tayari hakukosea sana. Kufomati kutakupa mwendo mzuri kwa miezi michache, kwa sababu kutaondoa takataka zinazoamka pamoja na mashine. Lakini akikufomatia juu ya diski ile ile, mwakani mtaonana tena, naye anajua. Mwambie aiweke Windows mpya juu ya SSD, na diski ya zamani uiweke kando, usiifute, mpaka uhakikishe umetoa vyote vya wateja. Na akisema ataiwezesha Windows kwa kile kiprogramu cha kuvunja leseni, mkatalie. Hizi mashine za mitumba kutoka makampuni mara nyingi huja na leseni yake halali tayari, mwambie aangalie kwanza, na hivyo viprogramu vya kuvunja ni mlango mkubwa wa virusi kuliko flashi zote za wanafunzi wa Kisauni.

Kabla hujanunua, pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uangalie afya ya diski zote tano. Rangi ya bluu ni nzuri. Ikiwa manjano, acha kila kitu na uhamishe data siku hiyo hiyo. Diski inayokufa hujionyesha kwa uzito kama huu wako, na hakuna difragi duniani inayoponya sahani iliyokwaruzika. Mashine yenye manjano ndiyo ipate SSD kwanza, hata kama si nzito kuliko zote.

RAM ipandishe ifike GB 8 ukipata nafasi. Mpango wangu ni SSD kwanza, RAM baadaye. Na bila kulipa chochote, fungua ile Task Manager tena, nenda kwenye orodha ya programu zinazoamka na mashine, uzilaze zote usizozijua isipokuwa antivirusi na sauti na printa. Hilo tu huweza kukupunguzia dakika nzima.

Fungua na vifuniko. Huku bara kwetu kila upande una adui wake: Likoni ni chumvi ya bahari inayokula meno ya RAM, Changamwe ni vumbi la malori, Kisauni ni joto la mabati. CPU ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine hulaumu rejistri. Peperusha vumbi, badilisha pesti juu ya prosesa, yaondoe makasha ya mashine sakafuni.

Kuna jambo hukuniuliza lakini siwezi kulinyamazia. Windows 10 ilikoma kupewa masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa saiba, ambako watu huingiza nywila za eCitizen na namba zao za siri, hili ni kubwa kuliko uzito. Angalia kama mashine zako zafaa kwa Windows 11, inayotaka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. Mitumba mingi ya umri wa yako haifiki hapo. Zisizofika, mbili kati ya hizo ningezitia Linux Mint kwa wateja wa barua pepe, kuchapisha na kujaza fomu za mtandaoni. Linux haina rejistri kabisa, kwa hiyo hata kijana wako atakosa cha kudifragi. Wala usione ni mambo ya kigeni: mwaka wa 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni ya ukoo huo huo wa OpenOffice. Lakini zile fomu za KRA za Excel zenye makro ziachie mashine za Windows, usije ukagombana na mteja saa tano usiku tarehe 30.

Na vitambulisho vya watu ulivyoskani, vile vilivyojaa kwenye folda ya mezani, vifute kabla mashine haijaenda kwa fundi yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakuhusu na wewe wa Bakarani, haijali udogo wa saiba.

Umeniuliza habari ya shilingi 1,500 za kijana. Alikaa kwako, alitumia muda wake, na hakukuibia. Naye alidanganywa na ile programu kama wewe. Mpe 700 leo. Zilizobaki mwambie atazipata siku atakapokaa kando ya fundi akiweka hiyo SSD ya kwanza, aione inavyofunguliwa, aipime kwa saa kabla na baada, akuandikie kwenye karatasi. Nami nitumie hiyo karatasi.